Mama Pasi na Kadi Zinazokimbia

Walimwita Mama Pasi, na wala hakuzaa. Jina hilo alilipata uani, kwenye kiwanja ambacho wanawake saba wafuaji walikipanga pamoja: bomba moja, masinki mawili ya saruji, kamba za kuanikia na kibanda cha bati cha kupigia pasi. Wenzake walifua vizuri, hakuna aliyewadharau, lakini shuka lililopita mkononi mwake lilikuwa na jambo jingine. Ukilitandika kitandani lilitulia lenyewe, kama lililokanywa.

Siri ilikuwa mkononi. Hakuwa mtu wa kuburuta pasi. Aliianza polepole kwenye pindo, kama mtu anayeamsha mtoto wa wenyewe, akaiachia ishike kasi katikati ya kitambaa, na ilipokaribia ukingo wa pili akaipunguza tena hata usijue ilisimama wakati gani. Hakufundishwa na mtu. Alijifunzia kwenye sare ya shule ya kaka yake. Baba yao alikuwa na uwezo wa sare moja na watoto wawili. Akatazama huku, akatazama kule, akasema wa kike ataolewa. Basi kaka akaivaa sare, na yeye akaifua na kuipiga pasi kwa miaka saba. Kaka alitoka shuleni na kusoma na kuandika, na mpaka leo akisoma sana ni matokeo ya mpira. Dada mtu alitoka na mkono.

Na kuolewa aliolewa kweli, baba hakusema uongo. Mume alikuwapo, halafu hakuwapo. Karatasi ya talaka aliituma nyumbani kwa mkewe akijua fika kwamba hatajua kuisoma, na Mama Pasi alikaa nayo siku tisa juu ya kabati akidhani ni ya watu wa maji. Siku hizo zote aliendelea kumpigia bwana pasi mashati yake na kuyatundika.

Basi huyo ndiye mtu ambaye kampuni ilimkuta uani.

Kampuni ilikuja na fulana za bure, rangi ya buluu, moja kwa kila mfuaji. Mwenye kusema alisimama juu ya sinki akaeleza kwamba kuanzia mwezi unaofuata nyumba za wageni za mitaa yote ya jirani zitatoa kazi kwa simu tu. Hakuna tena kwenda kugonga mlango wa nyuma na kumwuliza msimamizi kama ana mashuka. Kazi itaingia kwenye simu kama kadi ndogo, na mwenye kuiwahi ndiye mwenye kazi. Ila mtu akikubali kazi kisha akajitoa, akafanya hivyo mara tatu ndani ya wiki moja, anafungiwa.

"Ni rahisi mno," alimaliza. "Hata mtoto mdogo anaweza."

"Basi mpeni mtoto mdogo afue," alisema Kibibi.

Wote wakacheka. Kibibi alikuwa mfuaji wa sinki la pili, mwembamba kama kibanio cha nguo na mdomo wake haukuwa na kufuli. Alikuwa ameishia darasa la nne, na darasa la nne si haba. Wengine nao walikuwa na hiki na kile cha shule. Mama Pasi peke yake hakuwa na hata herufi moja, na hakuna aliyelijua hilo, kwa sababu kila lilipotolewa jambo la kusomwa yeye alikuwa amesahau miwani yake nyumbani. Miwani yenyewe hakuwahi kuwa nayo.

Aliipokea fulana, akacheka pamoja na wenzake. Lakini moyoni alihesabu kwamba maisha yake yamefika mwisho wa kamba.

Kilichomwokoa kwa muda, kama kuokolewa ndiko huko, kilikuwa mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, nywele fupi, suruali, viatu vya kamba. Kampuni ilikuwa imemwajiri kuchora vinavyoonekana kwenye kioo cha simu: kadi ikae wapi, kitufe kiwe kikubwa namna gani, kitu kikitoka hapa kwenda pale kitembeeje. Wafuaji wakamwita Mchoraji. Alitumwa kukaa uani siku kumi, atazame watu wanavyoitumia programu ile kabla haijaanza kazi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakodoa macho, akaandika. Siku ya tatu akasogeza ndoo yake mpaka mlangoni mwa kibanda cha pasi.

"Mama, mbona unabonyeza kabla hujasoma?"

"Miwani nimeisahau."

"Hata juzi uliisahau."

"Na kesho nitaisahau. Wewe umekuja kuchunga simu au kuchunga miwani?"

Mchoraji hakucheka. Akashusha sauti. "Sitamwambia mtu. Nieleze tu, kadi ikikubali wewe unajuaje?"

"Sijui. Hiyo yako haisemi kitu." Mama Pasi akabonyeza ili amwonyeshe. Kadi iliyokuwa juu ikaonekana chini, kama iliyohamishwa na jini. "Umeona? Imekimbia kama mwizi, ikasimama kama imegonga ukuta. Sasa imekwenda kukaa au imefukuzwa? Kitu chenye uzito hakitembei hivyo, mwanangu."

"Kinatembeaje?"

Badala ya kujibu akaishika pasi, akaipitisha juu ya foronya. Mchoraji akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na safari hii akatoa simu yake akaupiga picha za video ule mkono, kutoka kifundo mpaka kwenye pasi, zaidi ya mara ishirini, mpaka foronya ikaanza kunukia moto.

Kesho yake alirudi na daftari. Alikuwa amechora mstari mmoja kwa kila safari ya mkono. Kwenda kulia ni muda unavyopita, alieleza, na kwenda juu ni umbali uliokwishatembea. Kitu kinachokwenda kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mstari wake umenyooka kama rula. Lakini mstari wa Mama Pasi ulianza kwa uvivu karibu na ardhi, ukasimama wima ghafla, kisha juu ukalala taratibu.

"Huyu ni wewe."

"Mimi nimekuwa kilima?"

"Kilima chenye adabu, mama. Kazini kwetu tunaita kulainisha mwendo. Wapo watu ambao kazi yao ni mistari hii tu, miaka nenda rudi."

"Na wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Mungu mkubwa," alisema Mama Pasi, akaendelea na foronya.

Mchoraji alikuwa ameomba rangi, kijani kwa kazi iliyokubaliwa na nyekundu kwa iliyokataliwa, lakini wakubwa walitaka programu nzima iwe buluu ya kampuni. Basi akaamua kila jambo lijulikane kwa mwendo wake. Kazi ikikubaliwa, kadi ilishuka kwa mwendo ule wa pasi mpaka kwenye picha ya kapu chini ya kioo, ikatua taratibu, unaiona kabisa inavyokaa. Kazi ikichukuliwa na mwenzako, kadi ilianguka kwa kasi iliyozidi na kuzidi, kama jiwe, ikatoweka. Na ukibonyeza mahali pasipofaa, kadi ilitikisika kulia na kushoto, kama mtu anayesema hapana.

Siku ya kumi Mama Pasi alijaribu mara hamsini, akapata hamsini. Akamshika Mchoraji mkono.

"Usije ukaubadilisha bila kuniambia. Wengine wanasoma. Mimi macho yangu ni haya uliyonipa."

"Siwezi, mama. Wallahi siwezi. Nitakuja mwenyewe nikwambie."

Ukafuata mwaka mzuri, na Mama Pasi hakuwa amezoea miaka mizuri. Mikono ikiwa imejaa povu, simu ikiwa juu ya kigogo hatua tatu kutoka kwake, alitupa jicho mara moja akajua kilichotokea. Kwenye kadi kulikuwa na picha ya mlango wa kila nyumba ya wageni, na milango yote aliijua kwa sababu miaka na miaka aliigonga. Alikuja kuwa hodari kuliko waliosoma. Kibibi, mwenye darasa lake la nne, alikuwa bado anasokota midomo akisoma neno la pili, kadi imekwisha kuondoka.

"We Kibibi," Mama Pasi alimwambia, "acha kuisomea simu kama unaisomea dua. Tazama inavyotua."

"Dada, wewe una macho ya kipanga."

"Nina macho ya njaa."

Wakawa marafiki kwa njia hiyo, mmoja akianika, mmoja akikunja, na Kibibi akawa anamsimulia habari za mtaa mzima bila kuombwa.

Siku moja kaka yake alikuja uani, jambo lisilo la kawaida, akiwa ameshika simu yake mbele kama sinia. Mtu alikuwa amemtumia picha. Ukumbi mkubwa, watu wamekaa kwenye viti vilivyopangwa safu safu, na mbele yao pazia refu kuliko nyumba, na kwenye pazia, mkono. Mkono wenye kovu la kuungua chini ya kidole gumba, umeshika pasi. Pembeni yake alisimama Mchoraji amevaa vizuri.

"Si mkono wako huu?"

"Ni wangu."

"Wanasema amepewa tuzo. Mwendo bora wa mwaka." Kaka akasoma zaidi, akitembeza kidole. "Wanasema ameutoa kwa 'mtumiaji mmoja'."

"Mtumiaji ndiye nani?"

"Ndiye wewe."

Mama Pasi aliutazama mkono ule uliokatwa kwenye kifundo, mkubwa kama mashua, na watu wakiupigia makofi. Akarudi kwenye sinki. Ukishakuwa mtu wa kutajwa kwa kiungo, utasema nini?

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya Jumanne, programu ilijibadilisha yenyewe. Hakuna aliyekuja. Mama Pasi aliiona kadi ya nyumba ya wageni yenye mlango wa kijani, akabonyeza mahali pale pale anapobonyeza siku zote. Kadi haikushuka. Ilipepesa tu, mara moja, kama jicho, ikabaki palepale ilipokuwa, na kitufe chake palepale.

Haijakubali, alijisemea. Akabonyeza tena. Safari hii kadi ikatoweka.

Basi mwenzangu kaiwahi.

Mambo yalivyokuwa ni hivi, na yeye hakuwa na njia ya kuyajua. Kule ofisini walikuwa wameifupisha safari ya kadi mpaka ikawa haionekani. Kadi ilipokubaliwa ilirukia kapuni papo hapo, na kapu likafunguka lenyewe likakijaza kioo kizima, kwa hiyo kadi ikaonekana palepale ilipokuwa mwanzo. Kilichobadilika kilikuwa neno moja juu ya kitufe. Kwanza kiliandikwa kukubali. Sasa kiliandikwa kujitoa. Kila Mama Pasi alipobonyeza mara ya pili, alikuwa anaitupa kazi aliyokwisha kuipata.

Jumatano ikawa hivyo hivyo. Akaona wenzake wanazidi kumwahi, akaongeza kasi ya kidole. Akatazama upande wa pili wa uwanja, akamwona Kibibi ameinamia karai lililojaa mashuka, na karatasi ya mzigo ilikuwa na picha ya mlango wa kijani.

"Mlango wa kijani umeupata wewe?"

"Umenidondokea tu, dada. Saa nne hivi."

"Umekudondokea. Miaka kumi na minne nafua mlango ule, leo umekudondokea wewe."

"Dada, kadi ilikuja, nikakubali. Nikatae riziki?"

"Nilikufundisha mimi. Nilikaa na wewe nikakufundisha kutazama, kumbe namfundisha nyoka kuogelea."

Kibibi akanyanyuka, povu likimchuruzika viwikoni. "Dada, una nini? Hii simu mpya imenishinda hata mimi, naisoma neno kwa neno kama msahafu. Wewe inakusumbua?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema, inanisumbua, sijui kusoma, njoo unitazamie. Maneno matano au sita. Lakini alikuwa amekaa na uongo wa miwani miaka mingi mno, na mtu akivaa uongo muda mrefu unaota ngozi.

"Mimi hainisumbui kitu," alisema. "Wewe ndiye unanisumbua."

Na asimwamkie tena.

Alhamisi mchana msimamizi wa nyumba yenye mlango wa kijani alimpigia simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kengele, na hakusubiri salamu.

"Mama Pasi, mimi nimekukosea nini? Unakubali kazi, dakika hiyo hiyo unajitoa. Jumanne umejitoa. Leo umejitoa. Kama umepata mabwana wakubwa si useme?"

"Mimi? Mimi nijitoe kwako?"

"Jina lako hili hapa, na picha yako. Umekubali, umejitoa. Wageni wangu walale kwenye magunia?"

"Siyo mimi. Wanaiwahi wenzangu, nakwambia, wanaiwahi..."

Simu ilikuwa imekwisha kukatwa. Alipoitazama, kadi zote zilikuwa zimeondoka. Kilibaki kioo cha buluu na mistari minne ya maandishi katikati. Alibonyeza juu, akabonyeza chini. Hakuna kilichotikisika hata kumwambia hapana.

Akakaa nayo mpaka Jumamosi. Jumamosi akaoga, akaenda kwa kaka yake, akampa simu bila kusema habari ya miwani.

Kaka akasoma kwa sauti, kama anasomea wanafunzi. "'Akaunti yako imefungwa. Umejitoa kwenye kazi mara tatu ndani ya wiki moja. Ukiona si haki, andika malalamiko yako hapa chini.'" Akamtazama. "Kwa nini ulijitoa?"

"Sikujitoa."

"Imeandikwa."

"Nimekwambia sikujitoa."

"Dada, hapa pameandikwa mara tatu," alisema kaka kwa upole wa mwenye kujua. "Sasa nikuamini wewe au maandishi?"

Sijui kama duniani kuna tusi kubwa kuliko hilo, nalo lilitoka kwa mtu aliyesoma kwa sare iliyopigwa pasi na huyo huyo anayemtukana.

Jumatatu akaenda ofisini. Aliwahi kusikia kwamba ni ghorofa ya sita ya jengo lenye vioo karibu na benki, akauliza, akafika. Mlinzi alimwonyesha mlango wa wafanya usafi. Mama Pasi akamwambia hakuja kufagia, amekuja kumwona Mchoraji, na alisimama pale mapokezi saa nzima na nusu amevaa fulana yake ya buluu iliyonyooshwa, watu wakipita wakimtazama fulana kwanza, uso baadaye.

Mchoraji alitoka. Alikuwa amenenepa kidogo na uso wake uling'aa, kisha alipoona nani amekuja uling'aa kidogo tu.

"Mama! Karibu, karibu." Akampeleka kwenye chumba kidogo cha vioo, chenye meza nyeupe. "Vipi mashuka?"

"Umeubadilisha."

Mchoraji akashusha macho. "Mama, mwendo ulikuwa unachelewesha. Ule mwendo ulichukua karibu nusu sekunde. Wakubwa walisema watu hawana nusu sekunde."

"Mimi ninayo. Uliapa kwamba utakuja uniambie."

"Nilitaka kuja. Kazi zikawa nyingi." Akafungua kompyuta yake ndogo, akamgeuzia Mama Pasi maandishi yake, labda kwa mazoea, kwa sababu aliona aibu mara moja. "Hatukubadilisha hivi hivi tu, mama, tulipima. Nusu ya wafuaji tuliwapa mwendo mpya, nusu wakabaki na wa zamani. Waliopata mpya walibonyeza haraka zaidi. Na walibonyeza mara nyingi zaidi. Ikaonekana wameupenda."

"Mara nyingi, mara ngapi?"

"Wengine karibu mara mbili kwa kila kadi."

Mama Pasi akanyanyua kidole. Akagonga meza nyeupe, palepale, mara moja. Akangoja. Akagonga tena.

"Hivi?"

Mchoraji akakitazama kile kidole.

"Mara ya kwanza nimekubali, sikuona ikitua. Mara ya pili ndiyo niliyojitoa. Si ndivyo? Mmehesabu kidole cha mtu anayepapasa gizani, mkaandika amependa."

Mchoraji alikuwa amefahamu. Ilionekana jinsi lilivyomwingia, akatazama kompyuta, akatazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, na Mama Pasi alikuja kuyakumbuka maneno hayo kuliko mengine yote:

"Usiseme kwa nguvu, mama. Vioo hivi vinapitisha sauti."

Mlango ukafunguliwa hata hivyo. Akaingia mwanaume mwenye kikombe mkononi, mkubwa wa Mchoraji, akimtafuta kwa jambo jingine. Macho yake yakaangukia mezani, kwenye lile kovu chini ya kidole gumba.

"Ngoja, ngoja. Huyu ndiye ule mkono?"

"Ndiye," alisema Mchoraji.

"Ala! Mama, sisi hapa tunakupenda kweli kweli. Picha yako ipo ukutani kule, hujaiona? Haya, tupige moja." Akakiweka kikombe chini, akamsogelea, akainyanyua simu juu. "Nyanyua mkono basi. Hapo. Asante sana, mama. Endelea kutuunga mkono." Akachukua kikombe chake akatoka.

Muda wote huo Mchoraji hakufumbua mdomo. Wangeweza kuwa wawili wa kusema, akabaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa ametolewa hewa na ule upumbavu wa kupigwa picha.

"Nitakuandikia malalamiko," Mchoraji alisema baadaye, akiwa anamsindikiza kwenye lifti. "Leo hii hii, kwa maneno mazuri. Na ule mwendo wa zamani nitaomba urudi."

"Utarudi?"

"Kwa anayeutaka. Utawekwa kwenye mipangilio, ukurasa wa nne. Mtu anaingia, anatafuta palipoandikwa mwendo wa taratibu, anauwasha."

Mama Pasi akamtazama. "Palipoandikwa," alisema.

Mchoraji akaona alichokisema, na lifti ikafunga.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Kaka aliyasoma. Kampuni ilikuwa imechunguza na haikuona hitilafu yoyote. Kufungwa kutabaki. Mwombaji anaweza kujiandikisha upya baada ya mwaka mmoja, baada ya kufaulu jaribio fupi la maandishi la kuthibitisha kwamba ameyasoma masharti na kuyaelewa. Mama Pasi alimwambia asome tena, akasoma tena, yakawa yaleyale.

Alifanya kila ambalo mtu angefanya. Alikwenda mpaka mlango wa kijani, akaugonga, kama zamani. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, na ile sauti ya kengele ikawa ndogo. Nyumba ilikuwa imetia sahihi, alisema. Shuka likitoka bila kupita kwenye simu, yeye ndiye atakayetoka. Akagonga mlango mwingine, na mwingine. Waliomwonea huruma walimpa maji ya kunywa. Wafuaji wenzake walipopata habari kwamba hajui kusoma hawakumcheka. Walinyamaza, na hilo lilimchoma zaidi. Hata Kibibi, aliyekuwa anamsifia macho ya kipanga, akawa anatazama chini.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Mwishowe ni Kibibi aliyekwenda kumgongea, na mzigo kichwani.

"Dada, niamkie au usiniamkie, shauri yako. Haya ni ya mlango wa kijani. Mimi nikiyapiga pasi yanakuwa kama yamelaliwa na mbuzi. Njoo uani, fanya kazi, kadi zitaingia kwangu, malipo tutagawana."

"Kwa jina lako."

"Kwa jina langu. Lako si wamelifunga?"

Akavaa, akaenda. Kibibi alikuwa mwema, na ndiyo iliyokuwa shida yenyewe, maana mtu mwovu angalau unaweza kumlaani ukapata nafuu. Akawa anapiga pasi tangu asubuhi, na jioni Kibibi akimsomea sifa zilizoingia: Kibibi hana mpinzani, Kibibi ana mkono wa hariri, Kibibi amepewa nyota tano. "Tumepewa, dada," Kibibi husema haraka. Mama Pasi huitikia kwa kichwa.

Mwezi wa nne wa kazi hiyo akaja mkaguzi wa kampuni, mtu mwenye beji shingoni na kibao cha kielektroniki mkononi. Alikuwa anapita viwanjani kuhakikisha kwamba kila akaunti inatumiwa na mwenyewe, kwa sababu wamesikia kuna watu wanaofanya kazi kwa majina ya wengine. Akigundulika mmoja, wote wawili wanafutwa, na hawarudi. Kibibi alikuwa ametoka kupeleka mzigo. Kibandani alikuwapo mtu mmoja tu, ameinama juu ya meza.

"Mama, namtafuta Kibibi. Ndiye wewe?"

Akaiweka pasi kando. Mkaguzi alitazama kibao chake, akatazama uso wake, akatazama tena kibao. Lakini watu wa namna ile, wafuaji wote kwao ni sura moja na leso moja. Nje mashuka ya mlango wa kijani yalikuwa yanapigwa na upepo kwenye kamba.

"Ndiye mimi," alisema.

"Vizuri. Una nyota nyingi, hongera." Akaweka alama. "Kuna lolote ungependa kuiambia kampuni?"

"Hakuna."

Mkaguzi akaweka alama hapo pia, akaondoka kwenda kiwanja cha pili.